Laiti Tungejua Tukiwa Sekondari: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Nairobi

Mwanafunzi wa sekondari jijini Nairobi amekuwa akichagua masomo yake ya KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mara nyingi kwa dakika chache tu, kwenye karatasi inayopitishwa dawati kwa dawati kuelekea mwisho wa kidato cha pili. Mimi niliijaza karatasi hiyo namna hiyo hiyo. Niliacha fizikia kwa sababu wenzangu watatu niliokuwa nikipanda nao matatu ya Kayole kila alfajiri walikuwa wameiacha, na kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba uhandisi wa ujenzi, kazi niliyoitamani tangu utotoni, hausomewi chuo kikuu bila somo hilo. Nililijua jambo hilo baada ya matokeo, nikiwa mbele ya kompyuta katika saiba, yaani duka la intaneti, pale mfumo wa KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ulipolikataa ombi langu. Alama za jumla zilitosha, ila somo moja halikuwepo.

Leo niko mwaka wa nne katika chuo kikuu cha umma, nasomea takwimu, na ni taaluma niliyoipenda kwa dhati. Hata hivyo, kila ninapozungumza na wanafunzi wenzangu kuhusu miaka yetu ya sekondari, nasikia visa vilivyo ndugu wa kisa changu: mmoja alichelewa kujiunga na chuo kwa sababu ya herufi moja katika jina lake, mwingine alikosa basari kwa kutojua tarehe ya kurudisha fomu, na mwingine alichaguliwa kozi na mhudumu wa saiba. Wengi wetu hatukukwama kwa uvivu. Tulikwama kwa kukosa habari ya msingi katika mwezi ambao habari hiyo ingetufaa. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa hatua zinazofuata kalenda ya mwanafunzi, na nimeuandika kama ninayemwandikia mdogo wangu aliye shuleni.

Nieleze pia unamhusu nani. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023, na kundi hilo ndilo la mwisho kufanya KCSE chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, chini ya mtaala wa umilisi, waliingia sekondari ya juu Januari 2026. Hesabu za alama nitakazozitoa ni za KCSE, lakini hatua zenyewe zinawafaa wote, na huenda mwanafunzi wa mtaala mpya akazihitaji mapema zaidi, kwa kuwa mkondo wake, uwe wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo, huchaguliwa akiwa bado Gredi ya 9.

Hatua ya kwanza: Chagua mlango kwanza, kisha urudi nyuma hadi kwenye masomo

Shuleni tulifundishwa kutazama alama ya wastani peke yake. Ukiuliza darasani mtu anataka kupata nini, atakujibu "B+" au "A-", kana kwamba chuo kikuu hupokea alama tupu. Ukweli ni kwamba kila kozi ina vizuizi viwili, na sharti uvivuke vyote. Kizuizi cha kwanza ni alama ya wastani: shahada huhitaji angalau C+, diploma nyingi huhitaji C-, na baadhi ya diploma, kama zile za KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, huhitaji C. Kizuizi cha pili ni alama za masomo mahususi ambayo kozi hiyo imeyataja. Hiki cha pili ndicho kilichonizuia mimi.

Tazama mifano hii. Anayetaka uhandisi anahitaji kuwa na C+ au zaidi katika hisabati, fizikia na kemia. Anayetaka udaktari anahitaji B katika bayolojia na kemia, pamoja na B katika hisabati au fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka sheria anahitaji B katika Kiingereza au Kiswahili, na hapa ninawasihi wale wanaokidharau Kiswahili wasome sentensi hiyo mara mbili. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada anahitaji C+ katika kila somo miongoni mwa yale mawili atakayofundisha, hata kama wastani wake ni mkubwa kuliko huo. Nimesoma na kijana aliyepata B ya wastani, akiwa na C katika historia aliyotamani kuifundisha, na ikambidi abadilishe somo alilolipenda kuliko mengine yote.

Basi fanya hivi, ikiwezekana kabla hujachagua masomo au mkondo wako. Chukua daftari, uandike kozi tatu zinazokuvutia, hata kama moja inaonekana kuwa mbali nawe. Nenda kwenye tovuti ya KUCCPS, ambayo huonyesha kila kozi, vyuo vinavyoitoa, masomo inayohitaji na alama za kukatia, yaani za chini kabisa zilizompa mtu nafasi, za miaka iliyotangulia. Huhitaji kuwa umefanya mtihani ili kuyasoma hayo. Andika masomo ya kila kozi, kisha upige mstari chini ya yale yanayojirudia katika kozi zote tatu. Masomo hayo yaliyopigiwa mstari usiyaache kwa sababu yoyote, si mwalimu mkali, si rafiki, si alama mbaya za muhula mmoja. Kama bado hujui unachotaka, na hilo ni jambo la kawaida katika umri huo, chagua mchanganyiko unaofungua milango mingi zaidi. Mwanafunzi aliyebaki na hisabati, kemia, bayolojia na fizikia anaweza kuamua baadaye kusomea biashara, ilhali aliyeacha kemia hawezi kuamua baadaye kusomea shahada ya uuguzi.

Ongeza safu ya tatu katika daftari lako: chombo kinachosimamia taaluma hiyo. Kozi ya uhandisi inapaswa kutambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, kozi ya sheria na Baraza la Elimu ya Sheria, na kozi ya uuguzi na Baraza la Wauguzi. Mtu anaweza kusoma miaka mitano, akalipa karo yote, kisha asisajiliwe kwa kuwa kozi yake haikuwa imetambuliwa. Vyombo hivyo huchapisha orodha za vyuo na kozi zilizokubaliwa, na kuzisoma hakuchukui muda mrefu.

Hatua ya pili: Ielewe hesabu ya alama, kwani ndiyo itakayokuonyesha pa kutilia bidii

Katika KCSE kila gredi ina pointi zake, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Wastani hutokana na masomo saba, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Tangu mwaka 2023 masomo hayo saba huhesabiwa kwa kuchukua hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Ili upate C+ unahitaji jumla ya pointi 46.

Sasa mtazame mwanafunzi mwenye pointi 44. Ana wastani wa C, na mlango wa shahada umefungwa kwake. Katika hisabati alipata D, yaani pointi 3, kwa kuwa alikata tamaa nayo tangu kidato cha kwanza na akaapa kuyainua masomo yake ya nguvu. Kama angeifikisha hisabati kwenye C tu, ambayo ni pointi 6, jumla yake ingekuwa 47, na angekuwa amevuka. Kutoka D hadi C katika hisabati kuna kazi, lakini ni kazi ndogo kuliko kuyatoa masomo matatu kwenye B+ na kuyapeleka yote A-. Isitoshe, hisabati huhesabiwa kila mara, upende usipende, kwa hiyo udhaifu wako ndani yake hauna pa kufichwa.

Kwa kozi za shahada, KUCCPS hukokotoa pia pointi za kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi, ambazo upeo wake ni 48. Hii ndiyo sababu wanafunzi wawili wenye wastani sawa wa B+ huachana njiani, mmoja akapata kozi aliyoiomba na mwingine akakosa. Alama za ziada za mmoja zilikuwa katika masomo ya kozi, na za mwenzake zilikuwa kwingine.

Hatua ya tatu: Soma kwa namna ambayo mtihani wenyewe unauliza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipopoteza saa nyingi kuliko mahali pengine popote. Tulikuwa tukisoma kwa kusoma, yaani kupitia maelezo ya mwalimu mara nne, tukipaka rangi mistari, tukijihisi kwamba tunajua. Kutambua kitu ukikiona ni tofauti na kukitoa kichwani ukiwa mbele ya karatasi tupu.

Chukua karatasi ya kwanza ya hisabati, 121/1. Ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, kwa hivyo kila alama moja ina dakika moja na nusu, na swali la alama tatu halistahili kuchukua zaidi ya dakika nne na nusu. Sehemu ya kwanza ina alama 50 na maswali yake yote ni ya lazima. Sehemu ya pili ina maswali manane, nawe unajibu matano, kila moja likiwa na alama 10. Mwanafunzi anayeijua hesabu hii huingia chumba cha mtihani akiwa na mpango. Huipitia sehemu ya kwanza bila kung'ang'ania swali linalomkataa, kisha huyasoma maswali yote manane ya sehemu ya pili kabla ya kuchagua, kwa sababu swali linaloanza kwa urahisi huweza kuisha kwa ugumu. Maswali mengi ya karatasi hii hutoka katika mada za kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo anayesema "nitaanza kusoma nikifika kidato cha nne" tayari ameviacha nyuma vidato vinavyotahiniwa zaidi katika karatasi hiyo.

Kiswahili nacho kina mpangilio wake. Karatasi ya 102/1 hukutaka uandike insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja kwa alama 20. Karatasi ya 102/2 ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Nusu nzima ya karatasi hiyo ni sarufi, na sarufi ni sehemu ambayo mazoezi ya dakika kumi na tano kila siku hulipa waziwazi. Sisi tuliokulia Nairobi tunazungumza Sheng nyumbani, njiani na uwanjani, na sioni ubaya wowote katika hilo, lakini ngeli hazimjii mtu kwa kusikia mazungumzo ya kituo cha matatu. Soma gazeti la Kiswahili mara mbili kwa wiki, kwa sauti ukiweza, na uandike sentensi tano zilizokushangaza kwa muundo wake.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kila Jumamosi chukua karatasi moja ya mtihani uliopita, uketi mahali patulivu, uweke saa mezani, uifanye yote bila kitabu. Jisahihishe siku hiyo hiyo kwa mwongozo wa kusahihisha. Kisha, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka, fungua daftari la makosa. Andika swali ulilokosa, uandike kwa sentensi moja sababu ya kulikosa: hukuijua mada, ulilisoma vibaya swali, au ulikosea hesabu ndogo. Baada ya Jumamosi sita utaona sababu moja ikijirudia kuliko nyingine. Mimi niligundua kwamba zaidi ya nusu ya makosa yangu katika kemia yalitokana na kutosoma swali hadi mwisho, wala hayakutokana na kutoijua kemia. Nililigundua hilo kidato cha nne, muhula wa pili, baada ya miaka mitatu ya kujiona dhaifu katika somo hilo.

Usizisahau karatasi za vitendo. Bayolojia, kemia na fizikia zina karatasi ya tatu yenye alama 40 ambayo hufanyiwa maabara. Mwanafunzi wa shule yenye vifaa vichache anapaswa kumwendea mwalimu wa maabara mapema na kumwomba kwa heshima nafasi ya kushika pipeti na bureti kabla ya majuma ya mwisho, ambapo kila mtu huzitaka kwa wakati mmoja.

Kuhusu mahali pa kusomea, najua nyumba nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, ni chumba kimoja au viwili, televisheni ya jirani ikisikika ukutani. Maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka 1931 na ina matawi yake Kaloleni na Makadara, na huduma ya maktaba ya taifa ina tawi Buruburu. Meza ya maktaba siku ya Jumamosi ina thamani kubwa kwa mtoto anayelala sebuleni. Na kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa unayeamka saa kumi na nusu alfajiri ili kukwepa msongamano wa Jogoo Road, lala mapema badala ya kujilazimisha kusoma hadi saa sita usiku, kwani darasa la saa mbili asubuhi linalosikilizwa usingizini haliwezi kufidiwa na usiku.

Hatua ya nne: Sahihisha majina yako kabla ya usajili wa KCSE

Hatua hii ni fupi, lakini mwanafunzi mwenzangu mmoja alipoteza miezi kwa ajili yake. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa jina la tatu kwa herufi "e", shule ikalisajili kwa herufi "i", na cheti cha KCSE kikatoka hivyo. Kila ofisi aliyoiendea baadaye ilimrudisha.

Mwanzoni mwa kidato cha tatu, kiweke cheti chako cha kuzaliwa kando ya kitambulisho cha baba, cha mama na rekodi zako za shule, ulinganishe herufi kwa herufi na mpangilio wa majina. Kama huna cheti, mzazi akuombee kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sasa, wala msingoje. Mapema katika kidato cha nne shule huwasajili watahiniwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya, na kabla usajili haujafungwa kila mtahiniwa huonyeshwa jina lake alithibitishe. Siku hiyo usitie sahihi kwa haraka. Kosa linalorekebishwa siku hiyo hurekebishwa kwa kalamu ya mwalimu, na likirekebishwa baada ya vyeti kutolewa hudai maombi, malipo na subira.

Ukifikisha miaka 18, omba kitambulisho cha taifa papo hapo, katika ofisi ya usajili ya eneo lako au katika vituo vya Huduma kama kile cha GPO au Makadara. Utahitaji cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na uthibitisho wa chifu. Kitambulisho ndicho kinachokuwezesha kupata PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi), akaunti ya benki na laini ya simu yenye jina lako mwenyewe, na vyote hivyo huulizwa kwenye maombi ya mkopo wa masomo. PIN yenyewe hutolewa bila malipo. Kinacholipiwa katika saiba ni muda wa kompyuta na uchapishaji.

Hatua ya tano: Zungumza na wazazi kuhusu fedha mkiwa bado na muda

Katika familia nyingi karo huwa mazungumzo ya usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anafaa kuombwa kukaa kwenye mazungumzo hayo, au aombe mwenyewe kwa adabu, kwa sababu yeye ndiye atakayejaza fomu.

Fedha za basari zimekuwa zikitolewa kupitia NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, katika ofisi ya eneo bunge lako, na kaunti nayo imekuwa ikitoa basari kupitia wadi. Fomu huhitaji sahihi ya chifu, mhuri wa shule na nakala za vitambulisho, na muda wa kuzirudisha huwa mfupi. Weka nakala tatu za kila kitu tayari ndani ya faili moja. Aliyefiwa na mzazi aweke na nakala ya cheti cha kifo, kwani kukitafuta wakati fomu zimeshatolewa ni kuchelewa.

Kwa chuo, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, imekuwa ikitoa mikopo tangu mwaka 1995, na mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tangu mwaka 2023, wanaojiunga na vyuo vikuu vya umma kupitia KUCCPS wamekuwa wakiomba ufadhili na mkopo kwa pamoja kwenye tovuti ya HEF, ya ufadhili wa elimu ya juu, na maswali yake huhusu mapato ya nyumbani, idadi ya ndugu wanaosoma na hali ya wazazi. Yajibu kwa ukweli na kwa ukamilifu, mzazi akiwa karibu nawe, kwa sababu kiasi utakachopewa hutegemea majibu hayo. Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni kwamba mkopo hauji wenyewe mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka wa masomo una ombi lake, na asiyeomba hapati.

Hatua ya sita: Usibebe mzigo peke yako

Kidato cha nne kina shinikizo ambalo watu wazima husahau uzito wake. Kuna mtihani mmoja wa majaribio baada ya mwingine, kuna majina yanayobandikwa ukutani kwa kufuata nafasi, na kuna mzazi aliyeuza kitu cha thamani ili ulipiwe. Wenzangu kadhaa walikuja kukiri chuoni kwamba walilia usiku mwingi bila kumwambia mtu, wakidhani wao tu ndio dhaifu.

Mtafute mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli: mwalimu wa ushauri nasaha, shangazi, kiongozi wa kanisa au msikiti. Ukikosa wa karibu, nambari 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bila malipo. Kusema "nimeshindwa kulala wiki mbili" mapema ni bora kuliko kungoja hadi mwili usimame wenyewe wakati wa mtihani. Na wewe unayeketi karibu na mwenzako aliyenyamaza ghafla, muulize, umsikilize, kisha uandamane naye hadi kwa mtu mzima.

Marafiki nao tuliwachagua kwa bahati, kwa kuwa tulipanda matatu moja au tulilala bweni moja. Sikushauri uwaache. Nakushauri uongeze mmoja au wawili mnaosomea lengo moja, mkutane mara mbili kwa juma, kila mmoja afundishe mada moja mbele ya wengine.

Hatua ya saba: Miezi kati ya KCSE na chuo

Mtihani huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya kuanzia Agosti au Septemba. Ni takriban miezi tisa, na hakuna kengele wala mwalimu. Wengi wetu miezi hiyo ilipita kwa simu mkononi, na baadhi waliipoteza pamoja na fedha za nyumbani kwenye michezo ya kamari.

Jifunze kupiga chapa kwa vidole vyote na kutumia programu ya majedwali, kwa sababu kazi za chuoni huandikwa kwa kompyuta tangu juma la kwanza. Tafuta kazi halali, hata ya dukani kwa jirani, uweke akiba kwa jina lako. Kama una nafasi ya kuketi siku chache katika ofisi au karakana ya mtu anayefanya kazi unayoitamani, iombe. Mwenzangu mmoja aliyependa uuguzi tangu darasa la sita aligundua baada ya wiki mbili za kujitolea zahanati kwamba anachokipenda hasa ni maabara, na akabadilisha chaguo lake kabla ya mfumo kufungwa.

Wakati wa KUCCPS ukifika, fungua akaunti mwenyewe, uandike neno la siri mahali salama, wala usimpe mhudumu wa saiba. Mhudumu hana ubaya, ila ana foleni ya watu thelathini nyuma yako na hataishi na kozi hiyo miaka minne. Linganisha pointi zako za kundi na alama za kukatia za miaka iliyopita. Chaguo la kwanza liwe lile ulipendalo na lililo karibu na pointi zako, na machaguo yanayofuata yawe ya kozi ambazo kweli ungekubali kuzisoma. Usijaze nafasi kwa kozi usiyoijua kwa sababu tu jina lake ni refu. Vilevile usiipuuze diploma. Anayekosa shahada kwa pointi chache anaweza kuanzia chuo cha kiufundi, kwa mfano Kabete, akapata ujuzi wa mikono, na baadaye akaendelea hadi shahada kwa njia hiyo.

Hatua ya nane: Majuma ya kwanza chuoni

Siku ya kujisajili fika mapema ukiwa na faili: barua ya kujiunga, cheti au hati ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha ndogo, fomu ya daktari na risiti ya karo, vyote halisi pamoja na nakala. Nimesimama kwenye foleni hiyo na kumwona mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Magharibi mwa Kenya akirudishwa kwa karatasi moja.

Kama hukupata nafasi katika mabweni, usitume fedha za nyumba ambayo hujaiona kwa macho. Maeneo kama Kahawa Wendani, Ngara na Juja yana vyumba vingi vya wanafunzi, na yana matapeli wanaopiga picha chumba kisicho chao. Nenda mchana na mtu mzima, ongea na mlinzi wa jengo na mpangaji mmoja kuhusu maji, kisha ndipo ulipe, tena kwa mwenye nyumba au kwa akaunti ya jengo.

Darasani, ujue kwamba hakuna atakayekufuata. Katika vyuo vingi vya umma alama 70 kati ya 100 hutoka katika mtihani wa mwisho wa muhula na 30 hutoka katika majaribio na kazi za katikati. Hizo 30 hutolewa mapema, wakati wanafunzi wapya bado wanatafuta kumbi za mihadhara, na wengi huzikosa kwa kutohudhuria juma ambalo mhadhiri alitangaza tarehe. Andika tarehe za kila somo kwenye kalenda siku ile ile zinapotajwa, na umfahamu kiongozi wa darasa lako kwa jina kabla juma la pili halijaisha, kwani yeye ndiye hupata habari za kwanza chumba au saa vinapobadilishwa.